Nyonga ya Bibi, Kiswahili Changu

Mimi ni Mnaijeria wa Ibadan, na Kiswahili nimejifunzia Maskati, nyumbani kwa bibi mmoja wa Mabela aliyekuwa amevunjika nyonga. Naanza na hilo kwa sababu kila nikifungua mdomo mbele ya Waswahili swali la kwanza ni lile lile: hiki umekipata wapi? Wengine hudhani niliolewa Tanga, wengine kwamba nilisomea Dar es Salaam. Sikuolewa popote, na Dar es Salaam sijafika mpaka leo.

Nilikuja Omani kufanya kazi. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Kazi yangu ni kuwarudisha watu kwenye miguu yao baada ya kuvunjika, kupooza au kupasuliwa. Kliniki yangu ipo Wattaya, na dirisha la chumba changu linatazama maduka ya magari mapya, kiasi kwamba mgonjwa nikimwambia atembee kuelekea dirishani, kama ni mwanamume, hutembea vizuri zaidi. Siku tatu za wiki niko kliniki. Siku mbili nachukua gari nawafuata majumbani wale wasioweza kuja.

Miezi ya mwanzo niliishi kwa Kiingereza na vijineno vya Kiarabu vya kuulizia maumivu: hapa? kidogo? sana? Lakini kulikuwa na jambo lililonishangaza. Kwenye lifti, benki, kwenye foleni ya dukani, mtu aliyevaa kanzu nyeupe na kofia ya Kiomani alinitazama, akatabasamu, akaniambia, "Hujambo? Habari za kazi?" Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba sielewi. Hapo uso wake ukashuka, kama mtu aliyemwita ndugu yake barabarani kisha akageukiwa na mtu baki. Baadaye nikaelezwa kwamba Maskati imejaa familia ambazo wazee wao walizaliwa Unguja, Pemba au Tabora, na kwamba ndani ya nyumba zao Kiswahili hakijawahi kutoka. Nilikuwa nimekuja Arabuni, na Waarabu walikuwa wananisemesha lugha ya Afrika ambayo mimi Mwafrika siijui. Jambo hilo liliniudhi. Sisi watu wa Ibadan hatupendi kukosa la kujibu.

Ndipo nikapelekwa Mabela.

Ilikuwa nyumba mpya ya ghorofa mbili, sakafu ya marumaru inayoteleza kama sabuni. Mlango alinifungulia mtoto wa mgonjwa, mwanamume wa miaka hamsini hivi, afisa wa serikali, mpole, mwenye uso wa mtu ambaye hajalala vizuri tangu mama yake aanguke. Alinionya kwa Kiingereza tukiwa bado ukumbini. Wataalamu wawili walikwisha kuja kabla yangu. Wa kwanza mama yake alimfukuza kwa sababu alikuwa mwanamume. Wa pili alimfukuza kwa sababu alikuwa kimya.

"Kwa ukimya usiwe na wasiwasi," nikamwambia.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu karibu na dirisha, kanga begani, fremu ya chuma ya kutembelea imesukumwa mbali naye kama mgeni asiyetakiwa. Alikuwa mwembamba, mweupe wa nywele, na macho yake yalinipima kuanzia viatu. Nami nikafanya jambo ambalo kama nisingelifanya, mama yangu angenipiga kofi kutoka Ibadan: nilipiga magoti yote mawili sakafuni, nikainamisha kichwa. Kwetu Wayoruba mwanamke hamsalimii mzee akiwa amesimama wima kama nguzo ya umeme.

Bibi alishtuka, akanyoosha mkono kuninyanyua.

"Inuka! Inuka, mwanangu! Astaghfirullah, mie nani hata nipigiwe magoti?"

Haya maneno nayaandika leo kwa sababu nilikuja kuyaelewa baadaye. Siku ile nilielewa mkono tu. Nikabaki nusu chini nusu juu, sijui kama nimemtukana au nimemheshimu. Kutoka jikoni akatokea dada wa kazi, msichana wa Shinyanga, mikono imejaa unga.

"Bibi, hiyo ni adabu yao," akasema. "Hata kwetu tunapiga magoti kwa wakubwa. Ndiyo salamu. Mimi nimeacha tu kwa sababu ulinikataza."

Bibi akalitafakari lile neno. Kisha akamgeukia mwanawe. "Basi mwambie, kwao ni kwao, na nimemuelewa. Lakini hapa kwangu magoti anapigiwa Mola tu." Akatazama dirishani. "Na mie mwenyewe magoti ya kumpigia sinayo tena."

Mwanawe alinitafsiria mwanzo, mwisho akauacha. Niliona kwamba kuna kilichobaki, nikamwuliza. Akasita. "Anasema hawezi tena kusujudu. Anasali kwenye kiti. Dini imemruhusu, tumemwambia mara nyingi."

Kwenye faili la mgonjwa kuna mstari unaouliza mgonjwa anataka nini. Watu wengi hujaza kutembea, kupanda ngazi, kwenda sokoni. Nikaandika: kusujudu.

Niseme hapa kwamba baba yangu alikuwa Muislamu na mama yangu ni wa kanisani, jambo ambalo kwa Wayoruba si kioja. Katika nyumba moja unakuta Pasaka na Idi zinaliwa na matumbo yale yale. Baba alisali karibu na mlango wa nyuma. Alipoanza kuzeeka, magoti yalimsumbua, na mimi, nikiwa na miaka tisa au kumi, nilikuwa naitwa nikae pembeni ya mswala. Akitaka kuinuka alishika bega langu. Uzito ule wa mkono ninaukumbuka kuliko sauti yake. Kwa hiyo maneno ya bibi yule yalipotafsiriwa, sikuhitaji maelezo.

Ziara ya pili ilikuwa vita. Dada wa kazi alinipigia simu, akaniambia kwa Kiingereza chake cha kubahatisha kwamba Bibi ananitaka Jumanne saa nne. Nikafika Jumanne saa nne jioni, begi mkononi, nimetabasamu. Nilimkuta Bibi amevaa, amepakwa manukato, amenuna. Alikuwa ananingoja tangu asubuhi.

"Saa nne!" akasema, ananionyesha saa ya ukutani.

Nami nikaionyesha ile ile. Mshale ulikuwa kwenye nne.

"Hiyo saa kumi!"

Nikamtazama dada wa kazi, nikiwaza kwamba labda huyu mzee alipoanguka aligonga na kichwa. Dada akacheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kwamba Waswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza, siyo katikati ya usiku, kwa hiyo saa nne yao ya asubuhi ni saa yangu ya kumi. Nilisimama pale nikifikiri, na ukweli ni kwamba niliona wao ndio wenye akili. Kwa nini siku ianze watu wote wakiwa wamelala?

Siku ile ile nikaamua kwamba nitajifunza lugha hii. Nilinunua daftari. Nikamwambia Bibi, kupitia kwa dada, kwamba kuanzia leo mazoezi yote ni kwa Kiswahili na yeye ndiye mwalimu. Alifurahi kwa namna iliyonitia hofu. Kisha akatoa sharti lake. Kila nitakapokosea, yeye atakaa kitini apumzike.

Msomaji asiyejua Kiyoruba asione ni jambo dogo. Lugha yetu haina ngeli. Kitu ni kitu. Hakiulizi kama kimo katika kundi la miti au la mawe. Nilimwambia, "Bibi, inua mguu hii," akakaa. "Mguu huu," akasema, ananywa maji. Nilimwambia, "Sasa kunja goti huu," akakaa tena. "Goti hili. Magoti haya." Wiki ya kwanza hatukutembea zaidi ya upana wa zulia. Nilikuwa nakwenda nyumbani nimechoka kuliko mgonjwa. Niliandika ngeli kwenye karatasi nikazibandika kwenye mlango wa friji, juu ya kioo, na kwenye usukani wa gari, na kwenye barabara kuu kati ya Mabela na Wattaya nilikuwa naongea peke yangu: kiti hiki, viti hivi, ukuta huu, kuta hizi. Dereva wa gari la pembeni aliwahi kunitazama kwa huruma.

Kadiri nilivyopata ngeli, ndivyo Bibi alivyopata miguu. Ukumbi. Mlango wa jikoni. Jikoni kwenyewe, ambako alifunua sufuria za dada moja baada ya moja na kutoa hukumu. Mwezi wa tatu wa mazoezi nikawa natunga sentensi ndefu bila kosa, na yeye anazunguka sebule nzima na fremu yake akinung'unika, "Huyu mtoto kanimaliza, hakosei tena."

Lakini haikuwa yeye tu aliyefundisha. Nami nilimfundisha Kiyoruba kidogo, alipotaka kujua lugha isiyo na ngeli ina nini basi. Nikamweleza kwamba sisi tuna sauti. Neno ni moja, ila ukilipandisha mwishoni ni jembe, ukilishusha ni gari, ukiliacha sawasawa ni mume.

Bibi akasimama kabisa. "Ati kwenu mtu akiomba mume vibaya ataletewa jembe?"

"Inawezekana, Bibi."

"Bora jembe. Halirudi nyumbani limenuna."

Mumewe alikuwa amekufa miaka mingi, na kwa jinsi alivyocheka nilijua alimpenda.

Dada wa kazi naye alikuwa na maswali yake. Alikuwa ameijua Naijeria kupitia filamu, zile zilizotiwa sauti ya Kiswahili, na alitaka kuthibitisha. Je, ni kweli mama wakwe wote wa kwetu ni wachawi? Je, ni kweli kila tajiri ana ngazi mbili sebuleni? Nilimwambia kwamba nyumba yetu ilikuwa na ngazi tatu za saruji nje, na mama mkwe pekee niliyemfahamu alikuwa bibi yangu, ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kuongea kanisani. Alisikitika. Nadhani alitaka wachawi wawepo.

Naye ndiye aliyenivurugia lafudhi. Bibi alinifundisha "nnakuja" na "mie," na msichana yule alinifundisha "nakuja" na "mimi," na kila mmoja aliapa kwamba mwenzake anakosea. Ndiyo maana Kiswahili changu mpaka leo mguu mmoja uko Unguja na mwingine bara. Sijali. Mtu akinielewa nimefika.

Mwezi wa nne daktari wa mifupa alipiga picha, akaona mfupa umeshikana vizuri na chuma alichotia kimetulia mahali pake. Nikamwandikia kumwuliza kuhusu kupiga magoti. Akajibu kwamba inawezekana, taratibu, chini ya uangalizi. Nilipomwonyesha yule mtoto wa Bibi barua, aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Taratibu ni neno la daktari," akasema. "Sakafu hii nimeitia mimi. Mama yangu kaanguka juu ya sakafu niliyoitia mimi. Asali kwenye kiti."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeogopa, na mtu wa namna hiyo akipewa barua huikunja. Nikasema tutaanza kwa kuzoesha magoti kitandani, juu ya godoro, na kuhusu sakafu tutazungumza baadaye. Akakubali nusu.

Bibi hakukubali hata hiyo nusu. Wiki ile ile, asubuhi, dada akiwa juu ya paa anaanika nguo, alitandika mswala wake mwenyewe, akashika ukingo wa kiti, akashuka. Alishuka vizuri. Alisali rakaa zake. Kisha hakuweza kuinuka.

Alikaa pale chini karibu saa nzima. Hakuumia popote. Dada aliposhuka na kapu tupu alimkuta amelala ubavu juu ya mswala, anamsubiri kwa utulivu kama mtu anayesubiri basi. Lakini dada alipiga kelele, kelele zikamfikia jirani, jirani akampigia simu mtoto wa Bibi, naye akatoka kazini mbio. Jioni hiyo alipiga simu kliniki, akasema mtaalamu huyu amemtia mama yake mawazo ya hatari, aletwe mwingine. Mkuu wangu, mama mmoja mwenye haki ambaye hapendi kelele, akaniambia nisikanyage Mabela mpaka mambo yatulie.

Siku mbili nilikaa na hasira. Nilimpigia mama yangu Ibadan, nikamweleza. Mama ni mwalimu mstaafu, huwa hasikilizi malalamiko bila kuyasahihisha. Akasema, "Huko uliko una ndugu wa kukuombea radhi?" Nikasema sina. Kwetu mtu akikosana na nyumba ya watu haendi peke yake. Hutangulizwa shangazi, mchungaji, jirani mwenye mvi. Unajaza sebule ya watu mpaka hasira inakosa mahali pa kukaa. Maskati sina shangazi. "Basi jipeleke mwenyewe," mama akasema, "lakini usiende kama mfanyakazi."

Kabla sijajua nitakwendaje, simu ikalia. Ilikuwa namba ya dada, lakini sauti ilikuwa ya Bibi.

"Ijumaa unakuja kula."

"Bibi, kliniki imenikataza."

"Imekukataza kazi. Kula haijakukataza."

Nikaenda Ijumaa baada ya sala, bila sare, nimevaa gauni langu la kitenge na kilemba kilichosimama vizuri. Dada alinifungulia macho yamevimba. Aliogopa atarudishwa kwao. Aliamini kosa ni lake kwa kuwa alikuwa juu ya paa. Nikamwambia asubiri kwanza, asilie kabla ya hukumu. Yule mwanamume alikuwa sebuleni. Alisimama kwa heshima, akanikaribisha, lakini hakukaa karibu.

Nilikuwa nimepanga kuzungumza naye Kiingereza. Kiingereza changu ni kizuri. Kwa Kiingereza naweza kushinda kesi. Lakini nilipomtazama nikaona kwamba kwa Kiingereza yeye ni afisa na mimi ni mwajiriwa wa kigeni. Kwa Kiswahili sote ni watoto wa mwanamke yule aliyekaa dirishani. Nikachagua Kiswahili.

"Kaka yangu," nikasema, "nimekuja kuomba radhi kwa hofu uliyoipata. Mimi pia nilikuwa na baba. Lakini kosa hii si ya dada—"

"Kosa hili," Bibi akasema kutoka dirishani. "Si la dada."

"Kosa hili si la dada, wala si la mama kushuka. Kosa ni kwamba alishuka kabla hatujamfundisha kuinuka. Ukimwekea kiti mpaka afe, siku moja atashuka tu, kwa sababu anataka. Bora akishuka ajue njia ya kurudi."

Akaangalia marumaru yake. "Na akiteleza?"

"Kaka, tafadhali lala chini."

Alidhani hakusikia vizuri. Nikarudia. Nikasema, jaribu mwenyewe: jifanye mguu wako wa kulia hauna kazi, lala hapo kwenye zulia, kisha simama. Akamtazama mama yake akitafuta msaada. Mama yake alikuwa tayari amejiweka sawa kwenye kiti kama mtu aliyekaa mbele ya televisheni.

Akalala. Mtu mzima, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ya Ijumaa. Akajaribu kuinuka kwa nguvu, kwa mikono, akaanguka kitako. Akajaribu tena, kanzu ikamsokota miguu. Akageuka huku na huku.

"Mtazameni mwanangu!" Bibi akasema. "Kama kobe aliyepinduliwa!"

Dada akakimbilia jikoni kucheka. Hata yeye mwenyewe, pale chini, akaanza kucheka, na kicheko kilimwondolea uzito ambao nadhani alikuwa ameubeba tangu siku mama yake alipoanguka. Nami nikalala chini mbali kidogo, na kilemba changu na gauni langu, nikamwonyesha. Geuka ubavu. Egemea kiwiko. Njoo kwenye viganja na magoti, kama mtoto anayetambaa. Tambaa mpaka kwenye kiti. Shika kiti. Mguu mzima mbele. Sukuma. Alifuata kila neno, na akasimama. Akajikung'uta kanzu.

"Sikujua kama kuna utaratibu," akasema polepole.

"Kila kitu kina utaratibu, kaka. Hata ngeli."

Jumatatu alipiga simu kliniki mwenyewe.

Tulifanya mazoezi ya kuinuka kwa wiki tano. Mkeka mzito usioteleza ulitandikwa, kiti cha mbao kikawekwa upande wa kulia. Bibi alitambaa juu ya ule mkeka akilaani na kumtaja Mungu katika pumzi moja, na mimi nilitambaa pembeni yake, kwa sababu alikataa kutambaa peke yake mbele ya watu. Dada wa kazi naye akaingia, akasema mgongo unamuuma. Kulikuwa na siku ukipita dirishani ungewaona wanawake watatu wa nchi tatu wanakwenda kwa magoti sebuleni, mmoja anahesabu.

Siku aliposali chini kwa mara ya kwanza kwa idhini ya kila mtu, ilikuwa alasiri. Alimwambia mwanawe atoke, dada atoke. Mimi akaniambia nibaki, nisimame karibu na kiti, ila nisimtazame. Nikageukia ukuta. Nilisikia mchakacho wa kanga, nilisikia pumzi yake inashuka, kisha kimya, kimya kirefu kuliko nilivyotarajia, mpaka nikataka kugeuka. Sikugeuka. Kisha nikasikia kiwiko, kiganja, magoti yanakuja kwenye kiti. Mkono wake ulishika mbao, haukunishika mimi. Nilijisikia nimeshinda na wakati huo huo nimeachwa, kama wazazi wanavyosema hujisikia. Machozi yalinitoka kidogo, nikayafuta kwa mkono wa sare. Alipokaa akaniambia nigeuke.

"Umelia?"

"Hapana, Bibi. Vumbi hili."

"Vumbi hili," akarudia, akiikubali ngeli. Uongo wenyewe aliuacha.

Baada ya hapo matibabu yakaisha, na kazi ilipoisha urafiki ukakosa sababu ya kuisha. Kliniki walipogundua kwamba naongea Kiswahili, wakaanza kuniletea wazee wote wa namna yake, na sasa chumba changu cha Wattaya kimejaa "nnaumwa hapa" na "hebu bonyeza huku." Wanaijeria wenzangu, tunapokutana Ijumaa, wananitania kwamba nimehamia Afrika Mashariki bila kupanda ndege. Mimi nawaambia kwamba Mnaijeria popote alipo hajifichi, na lugha ni mlango mmoja zaidi wa kuingilia na kelele zetu. Kwa mlango huo nimeingia nyumba nyingi.

Mwaka huu mama yangu alikuja kunitembelea. Bibi akasema haiwezekani mama mzazi afike Maskati asile kwake. Nikampeleka. Wale wanawake wawili walikaa upande kwa upande, mmoja na kilemba cha Kiyoruba kama tanga, mwingine na kanga yake, na mimi katikati nikifasiri. Waliulizana watoto, maradhi, na kwa nini mimi sijaolewa. Hilo la mwisho walilijadili juu ya kichwa changu kwa muda mrefu, na mimi mwenyewe nilikuwa nalitafsiri, swali kwa swali, kama mpumbavu.

Kikaletwa chakula: wali wa nazi, samaki wa kupaka, kachumbari. Mama yangu akaonja, akatafuna kwa adabu, akaniambia kwa Kiyoruba, "Chakula kizuri, lakini pilipili imekwenda wapi? Wana mgonjwa ndani ya nyumba?"

"Anasema nini?" Bibi akauliza.

"Anasema chakula kimenoga sana, Bibi."

Bibi akamtazama mama yangu usoni, kisha akanitazama mimi. "Kiyoruba sikijui," akasema, "lakini uso wa mtu aliyekosa pilipili naujua." Akamwita dada alete ile chupa ya pilipili ya kusaga aliyoificha juu kabatini, ile ambayo mwanawe hataki aile kwa ajili ya tumbo. Mama yangu akajitilia vijiko viwili. Bibi akajitilia kimoja. Nikaendelea kula, na mara hii hakuna aliyenitaka kutafsiri chochote.